Milango Minne Kabla ya Tarehe Thelathini

2 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii inaletwa na yule dereva wa lori la mbao, maana huko kwenye misonobari yenu simu haishiki. Nimemuuliza kwa nini wanamwita Breki, akanijibu ni kwa sababu lori lake halina. Kwa hiyo ikikufikia, mshukuru Mungu kwanza, kisha endelea kusoma.

Nimenunua nyumba. Milango minne chini ya bati moja, na kila mlango una sebule, chumba, jiko na choo chake ndani. Miaka ishirini na miwili ya kushona sare za shule, mgongo umepinda kama mpini wa mwavuli, na sasa nina ukuta ninaoweza kuupiga msumari bila kuomba ruhusa ya mtu.

Karibu. Hapo ndipo ilipo kazi. Bei ni milioni arobaini na nane. Nimeshalipa arobaini na sita na laki mbili. Imebaki milioni moja na laki nane, ya kulipwa tarehe thelathini mwezi huu, saa tatu asubuhi. Muuzaji namwita Bwana Tai, kwa sababu hata kukagua shimo la choo anakuja amevaa tai. Tumeandikiana mbele ya mwanasheria: nikichelewa, anairudisha pesa yangu baada ya kukata sehemu moja ya kumi ya bei, na nyumba anaichukua na ukarabati wangu wote. Sehemu moja ya kumi ni milioni nne na laki nane. Hizo ni sare elfu moja na mia mbili, faida tupu. Na mnunuzi mwingine ameshakaa mkao wa kula.

Pesa niliyoiweka kwa malipo hayo imemezwa na bati na mabomba. Lakini nimepiga hesabu. Mlango mmoja wanakaa kwa laki mbili kwa mwezi, na mpangaji analipa miezi mitatu mbele. Milango mitatu mara laki sita ni milioni moja na laki nane kamili. Wa kwanza siuhesabu, anakaa mwalimu mstaafu ambaye ameshamlipa Bwana Tai hadi Desemba. Yaani nimenunua mpangaji aliyekwisha kuliwa.

Kinachokosekana ni milango yenyewe, ya mbele, yote minne. Iliyopo imeliwa na mchwa mpaka ukigonga mkono unapitiliza. Hakuna mtu atakayelipa laki sita alale nyuma ya pazia.

Sasa nakuuliza. Nyumba hii tuliipanga wote wawili, mezani kwangu. Ukasema, “Dada, wewe nunua, mimi nitaitengeneza.” Mimi nimenunua. Wewe wiki ileile niliyolipa fungu la kwanza ukala kona, ukaenda kupasua magogo ya watu. Mimi sisemi kitu. Naandika tu.

Dada yako


5 Juni

Shikamoo Dada,

Breki alifika, akasimama kwa kugonga rundo la magogo kama kawaida. Nilisoma barua yako nimekaa juu ya gogo, nikapiga kelele mpaka mwendesha msumeno akazima mashine akidhani nimekatika kidole. Nikamwambia, “Dada yangu ana nyumba!” Akasema basi apunguziwe kodi.

Sikukula kona, Dada. Nilikuaga siku mbili kabla, wewe ukawa unahesabu vifungo, ukanijibu “hamsini na nne”. Kazi yangu huku inaisha mwisho wa Agosti. Mbao kwetu wafanyakazi ni nusu bei, na Jumapili karakana inakuwa tupu. Milango minne nitaitengeneza mwenyewe, mbao ngumu, na Breki atakuletea. Itawahi.

Ila nakusihi juu ya vipimo. Wewe ni fundi cherehani mpaka kwenye mifupa, kila kipimo unakiongezea cha mshono. Koti langu la darasa la tano mikono yake ilinifaa nikiwa la nane. “Utakua,” ulisema. Mlango haukui, Dada. Nunua futi ya chuma, hiyo ya kitambaa iache shingoni. Pima fremu ndani kwa ndani, upana mara tatu, juu, kati na chini. Kisha urefu. Andika unachokiona, usiongeze hata unene wa uzi. Nafasi ya mlango kucheza nitaitoa mimi.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa umeandika salamu kama mtu anayejikosha.

Futi ya chuma nimenunua. Nimepima kama ulivyoagiza, mara tatu kwa kila mlango, Mwalimu ameshika ncha ya pili na kusoma namba kwa sauti kama anaita mahudhurio. Upana sentimita themanini na mbili. Urefu mia mbili na nne. Yote minne sawa. Aliyeijenga nyumba hii alikuwa na kichwa kilichotulia, tofauti na aliyeiuza.

Sijaongeza chochote. Narudia: sijaongeza chochote. Mkono uliniwasha, lakini nimejizuia.

Nikueleze kazi ilipofika. Bati limeacha kuvuja. Fundi bomba alisema siku mbili akakaa sita, kila akifungua ukuta anasema “alaa!” na kila “alaa” ina bei yake. Siku ya tano nikamwambia akisema tena “alaa” namlipa nusu. Akamaliza kimyakimya. Plasta nimepiga mwenyewe chumba cha mlango wa tatu, na nikuambie, kupiga plasta ni kupiga pasi tu, isipokuwa nguo haikudondokei kichwani. Rangi nimechagua ya maziwa. Nimepaka mpaka nywele zangu zimepata mvi nyingine juu ya zile nilizokuwa nazo.

Wapangaji nimepata. Mlango wa pili nesi, wa tatu fundi saa na mkewe, wa nne kinyozi. Wamependa, wamekubali bei. Wote watatu wamesema neno lilelile: “Mlango ukiwekwa, tunalipa.”

Siku zimebaki ishirini na mbili.

Dada yako


17 Juni

Dada,

Hiyo hapo. Minne, mbao ngumu, nimeipiga randa na msasa mpaka inzi akitua anateleza. Nimetumia Jumapili mbili na jioni zote za katikati. Bawaba na vitasa viko kwenye gunia, misumari ya skurubu kwenye kopo la maziwa. Mwambie Breki asiegeshe karibu na ukuta mpya.

Ukiifunga, simama mbali kidogo uiangalie. Kisha niandikie ulichoona, hata kama ni maneno mawili.

Mdogo wako


19 Juni

Kwa Mama Mwenye Nyumba,

YAH: MLANGO MPYA WA MLANGO WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji wako wa mlango wa kwanza kwa mwaka wa kumi na moja. Leo saa nne asubuhi nimefungiwa mlango mpya. Kwa heshima kubwa naomba kutoa taarifa ya yafuatayo. Mlango huo ukifungwa, kitasa hakifikii fremu. Kupitia nafasi iliyobaki nimemsalimia jirani kwa mkono. Chini yake paka amepita akiwa amebeba kitoweo changu, bila kuinamisha kichwa.

Mlango wa zamani ulishachukuliwa na mnunuzi wa mbao chakavu, hivyo hatuna pa kurudi.

Natanguliza shukrani zangu za dhati kwa hatua utakazochukua, na kwa rangi, ambayo ni nzuri.

Mpangaji, mlango wa kwanza


19 Juni, alasiri

Wewe,

Ulitaka maneno mawili. Haya: haitoshi kabisa.

Yote minne! Pembeni imepwaya, chini inaning'inia kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Nimepima milango yako kwa futi ileile ya chuma uliyonilazimisha kununua. Upana sabini na saba na nusu. Urefu mia moja tisini na nane na nusu. Mimi nilikuandikia themanini na mbili kwa mia mbili na nne. Nakala ninayo, maana mimi huwa nabaki na nakala.

Barua ya Mwalimu naiambatanisha ucheke peke yako, mimi sina nafasi. Fundi aliyekuja kufunga alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akadai ujira wake. Nimempa nusu, kwa sababu milango pia ni nusu.

Nesi amekuja, ameona, ameondoka. Siku kumi na moja. Nieleze.

Dada yako


20 Juni

Shikamoo Dada,

Pole sana. Nimeshtuka. Nadhani ni mbao. Huku kuna unyevu, huko kwenu jua kali, na siku mbili juu ya lori wazi lazima zimesinyaa. Mbao ni kitu chenye tabia zake. Si kosa la mtu.

Nitatafuta njia. Usihangaike.

Mdogo wako


22 Juni

Mdogo wangu,

Zimesinyaa.

Nimekaa na neno hilo tangu Breki alipolileta. Milango minne imesinyaa yote sawasawa, kama imeketi kikao ikakubaliana. Mbao inayopungua sentimita nne kwa siku mbili hiyo si mbao, ni sabuni. Na urefu je? Mwalimu alifundisha sayansi miaka thelathini na moja. Nilimuuliza, akavua miwani akaifuta kabla ya kujibu. Anasema mbao husinyaa kwa upana, lakini kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Wa kwako umepungua sentimita tano na nusu.

Sasa sikiliza hesabu ya mtu aliyeishia darasa la saba. Ile nusu ni nafasi ya mlango kucheza, uliyosema utaitoa mwenyewe. Inabaki nne kwenye upana, tano kwenye urefu. Nne ni mbili kila upande. Mbili kila upande ndiyo akiba ya mshono ninayoiacha kwenye kila nguo tangu hujaota meno ya mbele. Na tano ndiyo pindo langu la chini.

Unaona ninakoelekea, au nikuchoree?

Kinyozi amejitoa leo asubuhi. Amepata pengine. Akaniambia, “Mama, mimi nina vioo vya ukutani, siwezi kulala navyo nyumba ina pengo.” Sikumlaumu. Laki sita zimekwenda na vioo vyake.

Niambie ukweli. Sitapiga kelele. Huko ningepigaje?

Dada


24 Juni

Dada,

Mbao hazikusinyaa.

Nilipopata vipimo vyako nilivisoma, nikacheka. Nikasema huyu namjua, hata umwambieje ameongeza tu. Kwa hiyo nikapunguza. Mbili kila upande na tano za chini, kama nilivyokuona ukizipima utoto wangu wote. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uifunge ikae sawa kabisa, halafu siku moja nikija nikutanie mbele ya wapangaji: “Bila mimi kupunguza, hii ingekuwa milango ya msikiti.”

Uliandika mara mbili kwamba hujaongeza chochote. Mara mbili. Na bado nikaona najua zaidi.

Unakumbuka meza yangu ya kwanza? Mteja amesimama palepale, na wewe ukatoa futi yako ya kitambaa ukaipima upya. Ilikuwa sawa, ukasema “haya”, ukaendelea na cherehani. Nilikununia mwezi mzima. Nilisema moyoni, dada yangu hajawahi kuamini kipimo changu hata kimoja. Ndiyo sababu hasa nilikuja huku, si magogo. Na sasa ni mimi nimekufanyia hivyohivyo, tena bila hata kupima.

Bosi amekataa kunipa ruhusa kabla ya tarehe tano. Nimemwomba mara tatu. Usiguse kitu, tafadhali. Nitakuja tarehe tano nikate mingine. Najua tarehe tano imepita thelathini. Najua.

Mdogo wako


26 Juni

Mdogo wangu,

Nisiguse wapi? Nimemaliza.

Gauni likimbana mteja siku ya harusi humwambii asubiri mpaka tarehe tano. Unafumua ubavuni, unaongeza kipande, unapiga pasi, na yeye mwenyewe hajui. Nilikaa nikiutazama mlango wako, nikajiambia huyu ni bibi harusi tu, ila safari hii mwili ndio fremu. Nikanunua papi, zile mbao nyembamba, za unene wa sentimita mbili. Moja kila upande wa fremu, ndani. Chini ya mlango nikaongeza ubao wa tano, nikaufunga kwa skurubu na gundi. Mwalimu alishika, akasoma namba, akanisahihisha mara moja, na alikuwa na haki. Papi nimezipaka rangi ya kahawia, ikaonekana kama pambo. Fundi aliyecheka alipita jana akasimama barabarani, akaniuliza mtindo huo nimeutoa wapi. Nikamwambia kuuliza ni bure, kujibiwa ni elfu tano.

Kitasa kinaingia, “tak!” Paka wa watu amekuja mara mbili, amekaa kizingitini ananitazama kama nimemdhulumu.

Juu ya meza yako. Niliipima kwa sababu yule mteja alikuwa mtu wa kuzua. Nilitaka aone kwa macho yake kwamba iko sawa, asije akakukata pesa. Sikukueleza kwa sababu nilikuwa na sare arobaini za kumaliza, na nilidhani umeelewa. Miaka kumi na nne umebeba hilo? Si ungeuliza!

Na milango yako ni mizuri. Nimesimama mbali kidogo nikaiangalia, kabla ya kufunga kitu chochote, nikiwa bado na hasira. Ilikuwa mizuri hata ikiwa mifupi.

Nesi amelipa. Fundi saa amelipa. Hiyo ni milioni moja na laki mbili. Wa nne bado. Wamekuja watu watatu: mmoja anataka kulipa mwezi mmoja, mmoja anafuga mbwa wanne, wa tatu ni Breki, anatafuta mahali pa kuegesha. Zimebaki siku nne na laki sita. Bwana Tai alipita leo na yule mnunuzi wake, wakapima sebule ya mlango wa nne kwa hatua, mbele yangu, huku wakizungumzia mapazia.

Usinitumie pesa. Sikuombi, na msaada sipokei. Nakueleza tu hesabu ilivyo.

Dada yako


28 Juni

Kwa Mama Mwenye Nyumba,

YAH: MAOMBI YA KUPANGA MLANGO WA NNE

Nimejifunza kuandika hivi kutoka kwa Mwalimu, naona kwako kunasikilizwa.

Mimi ni seremala, sijaoa, sifugi mbwa, sina vioo vya ukutani. Kazi yangu ya sasa inaisha mwisho wa Agosti, na sina pa kulala baada ya hapo. Nimesikia kuna mlango uliobaki. Laki sita za miezi mitatu ziko kwa Breki, ndani ya kopo, chini ya kiti chake. Nilikuwa nadunduliza ninunue mashine ya randa. Mashine itasubiri, nina mikono.

Dada, huu si msaada. Umesema hupokei, na mimi sikutumii. Ni kodi. Nataka risiti, na nataka chumba kiwe changu, nikigonga msumari usije kupima umekaa wapi.

Nimemlipa Breki nauli ya kwenda tu, asije akapunga upepo njiani. Nimemwambia akifika baada ya tarehe thelathini, namtengenezea jeneza, na vipimo nitachukua mwenyewe.

Seremala, mwombaji


1 Julai

Kwa mpangaji wa mlango wa nne,

Breki alifika jana saa mbili na dakika hamsini, akasimama kwa msaada wa pipa langu la maji. Pipa nitamdai. Bwana Tai alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha Mwalimu, mwanasheria pembeni, yule mnunuzi amesimama nyuma yake na funguo mpya mkononi. Bwana Tai alikuwa ameiweka saa yake mapajani. Fundi saa akaiangalia akasema, “Mzee, hiyo inakimbia dakika saba.” Sikuwahi kumpenda mpangaji kiasi kile.

Nikafungua kopo lako mbele yao. Likanuka dizeli. Nikahesabu noti, Mwalimu akahesabu, mwanasheria akahesabu. Ikafika. Bwana Tai akalegeza tai, mara ya kwanza nimuone na shingo. Akatia saini. Kabla ya kuondoka akaufungua mlango wako na kuufunga, akaufungua tena, akauliza ni fundi gani. Nikasema ni sisi.

Hati iko kwenye sanduku la cherehani. Nimeisoma mara nne. Imeandikwa jina langu, na sijalia, ni rangi tu iliyonikwaruza macho.

Risiti hii hapa. Nimepokea laki sita taslimu kwa mlango wa nne, miezi ya Julai, Agosti na Septemba. Masharti: maji unashirikiana na wenzako. Kelele za nyundo mwisho saa kumi na mbili jioni, nesi analala zamu. Msumari piga unapotaka. Sitapima.

Tarehe tano ukipewa ruhusa, njoo nayo. Kodi yako imeanza kuhesabika leo, mdogo wangu, na siku ambayo hujalala humu ndani sikurudishii.

Mwenye nyumba